Kemshafti kutoka Kikagati

Jumatatu, 9 Mei 1955

Wameondoka. Shemeji Protase na wazee wawili wa ukoo wamerudi Katoma kwa gari la mnunuzi wa kahawa. Matanga yameisha. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nafagia palipokwisha kufagiliwa.

Neno la ukoo ni hili: kibanja cha Katoma, lile shamba la migomba na kahawa, ni cha ukoo. Sikubisha. Sina mtoto, kwa hiyo hakuna wa kushikiwa kitu. Shemeji aliongea kwa upole, yeye hana sauti nyingine. Kuna nyumba nyuma ya kwake, niende nikae karibu na watu, mwanamke peke yake hapa Nkwenda ana nini? Nikauliza, na lori?

Akatazama uani. Lori limesimama pale tangu Januari, kuku wanatagia chini ya kiti. Akasema mbele ya wote:

"Chuma kile? Mwachieni mjane wa kaka. Hata wa kulivuta hadi Bukoba hayupo."

Wazee wakaitikia. Na mimi nikaitikia, macho chini. Moyo ulinidunda hadi nikaogopa utaonekana kwenye kitenge.

Lori lile nusu ni kahawa ya mume wangu Rwegoshora, nusu ni ng'ombe wangu, wale niliopewa na baba. Rwegoshora alijua, Mungu amrehemu. Melkiory dereva anajua, alikuwepo tulipowauza. Wengine hawajui, wala hawakuuliza.

Jumatano, 11 Mei

Nilituma watu wamwite Melkiory, amekuja. Tangu lori lilale amekuwa akilima migomba kwa kaka yake na hapendi. Mgongo, anasema. Nadhani si mgongo. Alikuwa fundi wa magari ya jeshi huko Burma, halafu leo jembe!

Amefungua injini mchana kutwa. Mimi nilishika vyombo, nikapokea boliti, nikazipanga kwenye ungo. Saa tisa akaniita. Kuna mti wa chuma ndani, mrefu kama mkono wangu na zaidi, una vinundu. Unaitwa kemshafti. Ukizunguka, vinundu vinasukuma fito na fito zinafungua valvu, injini ivute pumzi na kuitoa. Vinundu vyetu vimelika. Kimoja kimebaki mviringo kabisa. "Huyu hapumui, Ma," akasema. "Amekaba koo."

Kemshafti ya lori letu haipatikani tena, ni la kabla ya vita. Lakini kuna lori la ukoo huo huo, la juzi juzi tu, lililopinduka kwenye machimbo ya bati ng'ambo ya mto Kagera, Kikagati. Injini yake ni ya kizazi kipya. Melkiory anasema damu ni moja, ya mjukuu itamkaa babu.

Nikamuuliza ana hakika? Akanitazama kama nimemtukana. Melkiory ana hakika siku zote. Hata alipoliingiza lori mtaroni pale Kayanga alikuwa na hakika.

Jumamosi, 14 Mei

Amekwenda Kikagati. Nimempa saa ya ukutani ya marehemu akabadilishane. Ukutani pamebaki duara jeupe.

Siwezi kukaa. Nimekwenda kisimani mara nyingi bila haja. Kokubanza, jirani yangu, ananiuliza naondoka? Kwa nini niondoke? Eti ameona napangapanga vitu.

Jumanne, 17 Mei

Ameipata! Imefungwa kwenye gunia kama mkungu wa ndizi. Tumeilaza mezani kando ya ile ya zamani. Urefu sawasawa. Pale inapokaa kwenye beringi zake, sawasawa. Ila vinundu vya hii mpya vimesimama zaidi, vina bega. Melkiory anasema valvu zitafunguka zaidi, lori litapanda mlima kwa gia ya tatu. Anapitisha kidole taratibu kwenye kila kinundu. Sijamwona hivyo tangu Januari.

Kichwani ina gia yake kubwa, ya chuma. Ya zamani ilikuwa ya kitambaa kilichoshindiliwa, kikawa kigumu kama pembe. Gia hii kubwa inazungushwa na gia ndogo iliyo kwenye krenkishafti, ule mti mkuu wa injini. Ndiyo taimingi yenyewe. Kila gia ina alama, na alama mbili lazima zitazamane. Zikipishana jino moja, injini inatoa pumzi wakati wa kuvuta.

Nimeelewa. Nimefurahi kuelewa. Rwegoshora hakuwahi kunieleza, na mimi sikuwahi kuuliza. Tulikuwa tukiongea mambo ya chumvi na mafuta ya taa.

Alhamisi, 19 Mei. Kupaa Bwana

Misa. Nyuma yangu wanawake wananong'ona. Kokubanza baadaye kanipa habari yote kwa kunihurumia: wanasema mjane hajamaliza miezi sita na dereva anashinda uani kwake kifua wazi. Nikamwambia awaambie waje washike spana wao. Hakucheka.

Mchana tumetia kemshafti. Iliingia polepole, Melkiory ameilalia tumbo juu ya injini, mimi mbele naielekeza isigonge. Ilipokaa tuliisikia. Kidogo tu, kama mlango wa kabati unaofungwa na mtu mwenye adabu.

Gia ndogo ya zamani imegoma kutoka kwenye krenkishafti. Amepiga, amechokonoa, ametukana kwa lugha ya Burma. Hana chombo cha kuing'olea. Mwisho amesema iachwe hapo hapo, itafanya kazi na kubwa mpya, meno yanalingana kwa idadi.

Sikupenda. Sijui kwa nini.

Ijumaa, 20 Mei

Limewaka. Na limepiga kelele!

Si ngurumo ya lori. Ukelele mmoja mrefu, chuma kikilalamikia chuma, hadi mbuzi wa Kokubanza wamekata kamba. Melkiory amesimama hapo anatabasamu, jasho linamtiririka. Nikamwambia azime. Akasema gia mpya inazoeana na ya zamani, wiki mbili itanyamaza. Nikamwambia azime. Akazima.

Nikaingiza kidole chini ya kifuniko, kikatoka na mafuta yenye unga unaong'aa. Nikamwonyesha. Gia ndogo ilikwisha kulika kwa miaka yote ile ikisuguana na gia ya kitambaa. Leo anapewa mwenzake wa chuma, watatafunana. Zile mbili za zamani zilikuja pamoja kutoka kiwandani, zitoke pamoja. Ndivyo ninavyoona.

Melkiory akasema yeye ametengeneza magari ya jeshi katika matope mimi nikiwa nasuka mikeka kwa masista. Kwamba Kikagati harudi, kule atachekwa. Kwamba kama namwona hajui, nitafute anayejua.

Akachukua koti lake. Boliti zimebaki kwenye ungo.

Jumapili, 22 Mei

Hajaja. Sijamtuma mtu.

Nimekaa mlangoni natazama lori. Pua wazi, rejeta imeegemezwa kwenye mgomba. Kahawa imeanza kuiva. Waliovuna mapema wanauliza gari la nani litabeba mwaka huu. Nikikosa msimu huu nitakwenda Katoma nyuma ya nyumba ya mtu. Hakuna njia ya katikati.

Shemeji si mtu mbaya. Naandika hili ili nisijidanganye. Angenilisha. Angenisalimia kila asubuhi. Ningekaa pale naulizwa nimeamkaje hadi nife.

Kesho naenda Kikagati mwenyewe.

Jumatatu, 23 Mei. Isingiro

Nimelala kwa ndugu wa Kokubanza. Nimekuja nikisukuma baiskeli ya Rwegoshora, nikipanda pale njia ilipo sawa na hakuna watu. Kuna watu kila mahali! Wachungaji wawili walisimama na ng'ombe wao wote kutazama mwanamke mwenye nguo za msiba juu ya baiskeli. Mmoja akanisalimu shikamoo, mzee mzima. Labda kwa woga.

Miguu inawaka. Lakini nimeona jambo: nikiwa natembea, kichwa kinatulia.

Jumanne, 24 Mei. Kikagati

Nimevuka Kagera kwa mtumbwi pale Murongo, baiskeli mapajani kwangu. Maji mekundu, yana nguvu. Sikutazama.

Mwenye mabaki ya lori anaitwa Kato. Alikuwa mlinzi wa machimbo, wenyewe wazungu walimwachia lile gari. Alidhani nimekuja kudai saa irudi. Nilipomwambia nataka gia ndogo ya krenkishafti, ile iliyokuwa inakamatana na kubwa aliyoiuza, akauliza nani amenituma. Nikasema nimejituma. Akasema alimwambia dereva wangu achukue zote mbili. Dereva alisema hahitaji.

Basi Melkiory alijua. Hakutaka kuonekana hana chombo cha kuitoa ile ya zamani. Nilikasirika hadi nikataka kucheka.

Kato anacho chombo, kina makucha matatu na skrubu katikati. Gia imetoka ikilia. Kwanza amekataa kunipa chombo, ni cha urithi wa machimbo, kesho nitatokomea nacho. Mke wake, Eseri, akamwambia kwa Kinyankole maneno mengi nisiyoyapata yote. Nilipata "mjane" na "aibu". Nimeacha baiskeli. Ndiyo bei ya gia; chombo nimeazimwa tu, na hata nikikirudisha baiskeli sirudishiwi. Nimekubali.

Eseri amenipa maziwa na kalo, ugali wao wa ulezi. Ananiuliza nina watoto wangapi. Nikasema sina. Hakusema pole. Akasema, "Basi nenda na lori lako." Ndilo neno zuri kuliko yote niliyoambiwa tangu msiba.

Alhamisi, 26 Mei

Nimerudi, nimetembea. Gia kwenye kanga, imefungwa kiunoni kama mtoto aliyekaa vibaya. Nyonga imechubuka.

Nilipita kwa kina Melkiory kabla ya kwangu. Alikuwa anapalilia. Sikutaja aliyoniambia Kato. Nikatoa chombo chenye makucha nikakiweka juu ya jiwe. Akakitazama, akakigeuza, akafungua skrubu, akafunga. Akaniuliza nimetembea? Nikasema nimetembea. Akaenda kunawa mikono.

Jumamosi, 28 Mei

Gia ndogo ya zamani imetoka. Haikuchukua muda. Ndogo mpya imeingia, alama kwa alama, nukta imetazamana na nukta. Melkiory aliniita nizione kabla hajafunga kifuniko. Nilipiga goti kwenye mafuta nikaziona. Tumefunga.

Tukapiga hendeli. Hakuna. Tena. Kabureta ikatema moto! Ndimi za moto kwelikweli, Melkiory kaunguza nyusi zote mbili. Tukapiga tena, mlipuko kama bunduki, watu wa sokoni wakaja mbio. Kila mtu ana la kusema. Mmoja anasema ni marehemu hataki.

Nikaingia ndani nikafunga mlango. Nimelia kwa hasira, si kwa huzuni. Nilikuwa sijalia hivyo tangu azikwe, na leo nalilia injini.

Jumanne, 31 Mei

Pentekoste imepita, sikwenda kanisani, nisamehewe.

Melkiory alikuja leo bila kuitwa. Hajavaa kofia, nyusi hana, sura yake kama yai. Akasema hakulala, amepata. Krenkishafti inazunguka mara mbili, kemshafti mara moja. Kwa hiyo alama zinaweza kutazamana vizuri kabisa na bado moto wa plagi ukaja zamu isiyo yake, wakati valvu ziko wazi. Sisi tulifunga distribyuta, ile inayogawa moto kwa plagi, ikiwa imegeukia nyuma. Akasema: tulifunga. Nikamwachia hiyo "tu".

Akaichomoa, akaigeuza, akairudisha.

Hendeli mara moja. Ya pili — likawaka. Bila kelele. Linanguruma chini kwa chini, sufuria zinatetemeka jikoni. Tulisimama tu. Halafu Melkiory akasema kama anaongea na mtu mwingine kwamba alipaswa kuichukua gia ile mara ya kwanza, Kato alimpa. Nikasema najua. Akanitazama. Akaenda kupanga fito za valvu, na hatukurudia jambo hilo.

Ijumaa, 3 Juni

Bweranyange na kurudi, kulijaribu lori. Nilikaa mbele. Mlima ule uliokuwa ukilishinda, abiria wakishuka kusukuma, leo limepanda kwa gia ya tatu kama alivyosema. Vumbi, migomba, watoto wanakimbia pembeni. Nilikuwa nacheka peke yangu nikajifunika mdomo kwa kitambaa cheusi.

Njiani kurudi nilimwambia neno nililokuwa nalo siku zote. Kwamba ikifika siku, aseme juu ya wale ng'ombe. Alikuwepo walipouzwa, hakuna mwingine. Tulipita madaraja mawili.

"Mimi ni dereva, Ma," akasema. "Ukoo ni ukoo. Ninyi mkipatana, mimi nabaki nje ya ua."

Sikumlaumu kwa sauti. Lakini furaha ya mlimani ilishuka, sikuiona tena.

Jumatano, 8 Juni

Kahawa. Watu wanaleta magunia uani tangu asubuhi, wanauliza safari lini. Jumamosi alfajiri, kwenda Bukoba. Sijawahi kutajwa jina mara nyingi hivi. Ma Adelgunda, gunia langu liwe juu. Ma Adelgunda, na mimi.

Kokubanza amekuja na habari kutoka kwa wachuuzi. Katoma wamesikia. Wanasema lori la Rwegoshora limefufuka, lina nguvu kuliko jipya. Wanasema "lori la Rwegoshora". Na shemeji yuko njiani.

Chuma kile. Mwachieni mjane. Walisema kikiwa kimekufa.

Ijumaa, 10 Juni

Amefika mchana, mnyenyekevu, na zawadi: kahawa ya kutafuna na kitenge kisicho cheusi. Amelizunguka lori, ameweka kiganja kwenye boneti. Machozi yakamlenga. Ya kweli. Alimpenda kaka yake, hilo halina shaka, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mtu mkali ningemjibu.

Amekula, ameshukuru. Halafu akaeleza. Wazee walisema vile kwa kudhani lori ni mabaki. Kitu kinachotembea ni mali ya marehemu na mali ya marehemu ina utaratibu. Hataki ugomvi. Kesho atasafiri nasi, Bukoba tushushe kahawa za watu, kisha lori lipite Katoma, tuongee wote. Nyumba ile wameipaka chokaa.

Nikamwambia juu ya ng'ombe wa baba. Akasikiliza hadi mwisho. Akauliza kwa upole ule ule, nani aliona?

Melkiory alikuwa kwenye ngazi anakaza kamba za magunia. Aliacha kukaza. Mimi sikumtazama, niliapa sitamtazama. Halafu nikasikia kamba inaendelea kuvutwa.

Shemeji akamwambia asihofu, lori liwe la nani, dereva atakuwa yeye. Melkiory akajibu, ndiyo Ta Protase.

Jumamosi, 11 Juni

Naandika juu ya goti, ndani ya lori. Kumekucha sasa hivi. Kahawa imefika juu ya bodi, wenye magunia wamekaa juu yake, wengine wamesimama barabarani na mablanketi yao. Injini inanguruma vizuri, inafukuza baridi ya miguuni.

Nilitangulia kuingia. Kiti cha mbele kinachukua dereva na mtu mmoja, wa tatu analalia gia. Shemeji ametoka nyumbani kwangu amevaa koti, amefungua mlango wa upande wangu. Anasema nipande juu kwenye magunia na wanawake wengine, kuna turubai, yeye kifua chake hakitaki upepo. Amesema mara moja, kwa upole. Sasa anasubiri. Ameshika mlango.

Watu wanatazama. Kokubanza anatazama.

Melkiory mikono yake iko kwenye usukani, macho mbele. Shemeji amemwita kwa jina, amemwambia anisaidie kushuka.

Melkiory hakugeuka. Amesema, polepole, kama mtu anayeokota maneno chini:

"Ta Protase, ng'ombe wale niliwaswaga mimi hadi mnadani. Walikuwa wa baba yake."

Injini tu. Shemeji hajaachia mlango. Amenitazama, hasira sijaiona, ni kama ndiyo kwanza ananiona. Anauliza tena, sasa ananiuliza mimi, kama nitampisha.

Sijasogea. Melkiory amekanyaga klachi, ameingiza gia ya kwanza, anangoja nimwambie twende. Naweka kalamu, nimwambie.